Mwizi Aliyepigishwa Magoti Ipagala

Sila wa Ihumwa alikuwa mtu wa kuangalia chini. Ukimsalimia njiani, jibu lake hulisikii. Lakini akifunga mlango wa chumba chake, akawasha kompyuta na kushika kipaza sauti, alikuwa mfalme, mama mkwe na mganga kwa mpigo. Kazi yake ilikuwa kutafsiri picha za Kinaijeria kwa Kiswahili, akiwasemea waigizaji wote. Kiingereza chake kiliishia darasa la saba. Yaliyobaki aliyasoma kwenye nyuso za waigizaji, akaongeza chumvi yake, hata wafalme wa kule wakawa wanasalimiana "mbukwenyi" kama wazee wa Kigogo.

Picha alimpelekea Stanley, mwenye duka la filamu Ipagala. Mwaka mzima Stanley alikata mwanzo, pale Sila anapojitaja, akabandika jina lake mwenyewe: "Imetafsiriwa na Dijei Stanley!" Sila alipojikaza kuuliza, Stanley alimcheka mbele ya wateja.

"Kaka, wewe kuongea kwenyewe shida. Nani ataamini sauti ile ni yako?"

Sila akarudi kwenye kipaza sauti chake. Alijua jambo moja: Stanley hukata mwanzo na mwisho tu. Katikati hasikilizi.

Picha iliyofuata ilikuwa na mwizi. Stanley aliisambaza kwenye flashi mpaka Hombolo, kisha Jumamosi mchana akaiweka kwenye skrini kubwa nje ya duka. Watu walijaa. Sila alisimama nyuma, anamenya karanga.

Mwizi akapigishwa magoti mbele ya mfalme, akalia: "Mtukufu, mimi ni Stanley wa Ipagala! Kutafsiri sijui hata neno moja. Sauti hii ni ya Sila wa Ihumwa, nimemwibia mwaka mzima!"

Kicheko kililipuka.

"Utani huo!" Stanley alipiga kelele. "Sauti ni yangu!"

"Haya, izimeni," alisema Joha, muuza chai wa jirani. "Atafsiri mwenyewe. Mfalme anasemaje hapo, shemeji?"

Sauti ikazimwa. Mfalme akafungua kinywa. Stanley akakohoa, akajifuta jasho.

Ndipo nyuma ya watu ikanguruma sauti ya mfalme yenyewe: "Mbukwenyi! Mwacheni apige magoti, bado sijamsamehe."

Vichwa vyote viligeuka.

Jioni Stanley alimfuata Sila hadi kwake. "Kaka, nakuomba, irekodi upya."

"Imeshafika Hombolo," Sila alijibu, akiangalia chini kama kawaida yake, akafunga mlango.