Wazee wa Wamaza Walioandikwa Sifuri

Amekufa. Ujumbe ulinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa katika soko la Kasongo nachagua samaki, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Msomaji wangu, wewe hukumjua. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya afya ambamo mimi nilikuwa sekretari, na kazi yake ninayoikumbuka zaidi ilikuwa kuchukua programu aliyoiandika mwenyewe zamani kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl na kuiandika upya kwa nyingine, Python. Programu hiyo ilisoma fomu za wagonjwa wa macho kutoka Kabambare, ikatoa orodha ya wazee wa kuitwa daktari wa upasuaji akija. Nimechoka kuzika watu wa rika langu, jamani, na huyu amenichosha kuliko wengine.

Nilimuuliza lugha hizo mbili zinatofautiana nini, maana kwangu zote zilikuwa mikwaruzo tu. Akacheka. “Perl iko kama motari wa haraka na pikipiki yake. Daraja imevunjika, atapita mu mashamba ya watu, hakuambii kitu. Python inasimama. Inakuambia, shuka uangalie.” Alizipenda zote mbili, ila alisema ile ya kwanza ilimpendeza zaidi alipokuwa kijana.

Basi ile mpya ikasimama kweli, kwenye fomu za Wamaza, huko huko Kabambare. Tukazifungua. Mahali pa umri, muuguzi akikutana na mtu asiyejua mwaka aliozaliwa, alikuwa akiandika “muzee”, tena kwa heshima kabisa. Perl ilipotakiwa kulifanyia hesabu neno hilo, ililihesabu kuwa sifuri na kuendelea na safari. Miaka yote ile wazee hao walikuwa watoto wachanga kwenye hesabu zetu, na hakuna aliyewaita. Daktari alikuwa anakuja wiki iliyofuata, orodha inangojewa, nami nikasema, “Weka zero, tumalize. Ile ya zamani si ilikuwa inafanya vile?” Akaniangalia. “Hapana, kaka. Ile zero ni miye niliandika.”

Akapanda pikipiki kwenda Wamaza, katika matope yale, akawatafuta nyumba kwa nyumba na kupanga wafikishwe Kasongo. Wengi walipasuliwa wakaona. Mama mmoja aliambiwa amechelewa, macho yote mawili yamekwisha. Fundi akaketi naye kwenye ubao nje ya ofisi, akamweleza yote bila kujificha. “Kosa ni yetu, mama. Si yako.”

“Mulikuwa wangapi mu bureau?” mama akauliza.

“Wawili.”

“Na ule wa pili, iko wapi?”

Nilikuwa ndani, nyuma ya dirisha lililo wazi, hatua tano tu kutoka kwao. Nilisikia kila neno. “Iko na kazi, mama,” fundi akajibu, na mimi nikashika kalamu nisiandike chochote. Aliporudi ndani hakunilaumu, wala hakunitazama. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi, na sikuwahi kumwambia kwamba nilisikia.

Vijana wanaoandika programu siku hizi watasema somo ni kuchunguza umri kabla ya kuuhesabu, na ni kweli, wachunguze. Langu mimi ni jingine, nalo naliandika kwa aibu. Ukisikia uliyemkosea anakuulizia, toka nje ungali na mwenzako wa kusimama naye. Sasa itanibidi niende Wamaza peke yangu, na sijui kama yule mama bado yuko.