Ngoma za Blanketi

Binti wa jirani ndiye mpiga ngoma wa bendi ya roki. Walianzia chumba cha uani kinachopakana na changu. Mke wangu alipoanza kuugua, binti alizifunika ngoma zake mablanketi bila kuambiwa na mtu. Akawa anapiga taratibu, shingo kaipinda, ulimi kautoa kidogo kama anayetunga uzi kwenye sindano. Wenzake wa magitaa wakapunguza sauti wasimmeze. Kukiwa kimya mke wangu alikuwa akiuliza, "Wanangu leo wamegoma?" Upole ule ndio uliowapa jina, hadi wakaitwa kupiga uwanjani. Wakati huo nilikuwa nimeshamzika mke wangu.

"Babu, huko tutazomewa," binti akaniambia. "Nimejaribu kuzifunua, mikono inakataa."

"Basi zifunike, mjukuu wangu."

"Babu naye!" akaguna mpiga gitaa. "Watu wataturushia chupa."

Nilikwenda. Walipoanza tu, kijana mmoja karibu yangu akapiga mluzi. "Mmekuja kutubembeleza tulale?" Watu wakacheka. Binti hakuongeza nguvu. Shingo upande, ulimi nje, vijiti vikigusa tu. Kelele zikakatika za mbele, kisha za nyuma. Muuza maji akapita akinadi, na kijana yuleyule akamgeukia kwa hasira.

"Hebu nyamaza wewe, tusikie!"