Tuta la Mchicha Nyuma ya Jiko

Juzi, hapa Lushoto, nilimwona jirani akimfundisha bintiye kupanda mchicha, wakicheka. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Mama alinifundisha mchana mmoja, nyuma ya jiko, udongo ukinuka mvua na samadi ya mbuzi.

“Anza na tuta dogo unaloliweza,” alisema. “Mbegu changanya na mchanga, zisirundikane. Ukichuma, kata juu, shina litachipua tena.”

Alinitaka nirudie kila neno. Alikuwa amevaa kanga zake za Idi, nami nikadhani amejipamba kwa ajili ya bustani yangu.

“Tutachuma lini, mama?”

“Baada ya wiki tatu. Utachuma wewe, uwapikie wadogo zako.”

Nilivimba kichwa kwa kuaminiwa. Jioni ile aliteremka mlima hadi Mombo na furushi lake, akapanda basi, na hakurudi tena kwa baba.

Mbegu zilipoota nilikimbilia jikoni kumwita mama. Nilimkuta shangazi anachochea moto, akaniambia nipunguze kelele.

Mchicha ule haukutuangusha. Tuliula mpaka wadogo zangu wakasahau ni nani aliyenifundisha kuupanda.