Firimbi Nyuma ya Mabati

Jirani yetu wa ploti ya nyuma alikuwa na baruti ndani ya nyumba aliyolala na mkewe na watoto wanne. Mtaa wote ulijua. Chifu alijua, polisi walijua. Alikuwa ametuonyesha mwenyewe. Jumamosi moja mchana, watu wakiwa mezani, alipuliza firimbi mara tatu, kama wanavyofanya kwenye machimbo ya mawe ili watu wakimbie kabla ya kulipua, kisha akalipua shimo kwenye kona ya ploti yake. Kioo cha dirisha langu la jikoni kilianguka ndani ya sinki, juu ya sufuria ya ugali. Hakuna aliyeumia. Vumbi lilipotulia alisimama getini akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza mkutano wa wazazi, kwamba hiyo ilikuwa kidogo tu, nyingine iko ndani, na anayetaka kuingia kwake aingie.

Huo ulikuwa mwaka wa 2006, muda mfupi kabla ya Korea Kaskazini kulipua bomu lake la kwanza chini ya ardhi. Redio ilipotangaza habari hiyo, mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu kile kioo kivunjike. Akasema, "Hawa nao wako na jirani."

Tulikuwa tumehamia pale mwishoni mwa miaka ya tisini, kati ya Kitengela na Kisaju, wakati ambapo nyumbu bado walikuwa wakipita mbele ya mlango wetu na usiku tuliona taa za kiwanda cha simiti kwa mbali. Tulikuwa familia tano. Wote tulinunua kwa mzee mmoja wa pale, aliyekata shamba lake vipande vipande na kubakiza njia ya ng'ombe wake ya kwenda kunywa maji kwenye silanga, bwawa la mifugo. Mimi na mume wangu tulitoka magharibi. Mimi nilifundisha Historia na Kiswahili kwenye shule ya sekondari ya kutwa pale Kitengela. Tulichanga tukachimba kisima kirefu cha mashine, tukavuta mabomba hadi kila nyumba. Mimi nikawa katibu wa kamati ya maji kwa sababu, walisema, mwalimu hapotezi karatasi.

Huyo mwenye baruti alikuwa mmoja wetu. Ndiye aliyeniletea mawe ya msingi, akayapanga upya mwenyewe alipoona fundi ameyapanga vibaya. Kazi yake ilikuwa kulipua mwamba kwenye machimbo. Kisha yeye na wenzake wawili wakakodi machimbo yao, wenzake wakamzunguka, akaondoka bila chochote isipokuwa vifaa vyake vya kazi. Sijui ni nini hasa kilivunjika ndani yake. Tulichoona ni mabati. Alianza upande mmoja, akaenda wa pili, mpaka ploti nzima ikazungushwa mabati marefu kuliko mtu. Mkewe akaacha kuja kanisani, kisha akaacha chama cha akina mama. Watoto walitoka kwenda shule na kurudi, basi. Mabati yalipomeza nusu ya njia ya ng'ombe, yule mzee alienda kulalamika. Jibu alilopewa lilikuwa lile shimo.

Polisi walikuja wakasimama mbali na geti. Mmoja wao alituambia kwamba mtu kama huyo halazimishwi, kwa sababu kuna watoto ndani. Chifu akasema tuongee kama majirani. Wakaondoka na lile tatizo likabaki kwetu.

Tulikutana sebuleni kwangu. Mzee alikuwa ameanguka na pikipiki na hakuweza kutembea, kwa hiyo alikuja mkewe, mama mwenye shuka na raba za michezo, ambaye sote tulimwita yeyo, mama kwa Kimaasai. Yeye ndiye aliyetuuzia maziwa kila asubuhi, akipitisha yale ya nyumba ya mabati kwenye uwazi mdogo chini ya geti. Karani wa benki, jirani yangu wa kulia, ndiye aliyekuwa na hoja.

"Huyu tumfungie," akasema. "Maji ni yetu sote. Tunafunga valvu. Dukani asiuziwe, maziwa asiuziwe. Wiki mbili tu, atakuja hapa na hiyo sanduku ya baruti kwa kichwa."

"Na watoto?" mume wangu akauliza.

"Watoto wake. Si yeye ndiye baba yao?"

Yeyo alikuwa anakunywa chai yake taratibu. "Mimi nitauza maziwa," akasema.

"Yeyo, unataka pesa hata kwa mtu wa bomu?"

"Ee, nataka. Lakini pia yule mama ananipa chupa na mkono wake. Nikiona mkono, najua yuko. Nikiacha kwenda, wewe wa benki utajuaje?"

"Kwa hivyo tukae tu tukimwangalia?"

"Twende kwa geti. Leo twende, kesho twende. Atafukuza. Tunarudi. Mzee wangu alinifukuza miaka mingi na bado niko."

Watu walicheka, lakini kura ziligawanyika: mbili kwa mbili. Ilibaki yangu. Nilisema nipewe mpaka Jumamosi nifikirie. Nilikuwa nikisita kwa sababu ya jambo ambalo wengine hawakuwa nalo kichwani kila siku: binti mkubwa wa nyumba ile alikuwa kidato cha tatu, darasani kwangu, kwenye safu ya dirishani. Kufunga valvu kulikuwa kumfungia yeye.

Ijumaa tulikuwa na mdahalo. Nilikuwa nimeuandaa kabla ya kile kikao, kwa kuwa habari za Korea zilikuwa kila mahali, na wanafunzi walipenda mada za mabomu. Hoja ilikuwa kwamba dunia iinyime Korea Kaskazini kila kitu mpaka iachane na silaha zake. Niligawa pande kama nilivyogawa siku zote: safu za dirishani wapendekeze, safu za mlangoni wapinge. Mwanafunzi hatakiwi kusema anachoamini. Anatetea upande aliopewa, na alama zinatokana na jinsi anavyoutetea. Ndivyo nilivyowafundisha tangu kidato cha kwanza.

Sikutarajia msichana yule aongee. Mara nyingi hakuongea. Alisimama, akavuta sweta yake mikononi.

"Bi mwenyekiti, mtu aliye na bomu haongeleshwi," akaanza. "Ukimwongelesha anajua unamwogopa. Afungiwe. Asiletewe mafuta, asiletewe mchele. Hata akitoka nje asiangaliwe."

"Taarifa!" Kijana mmoja wa safu ya mlangoni alikuwa ameinuka. "Kiongozi hatalala njaa. Watalala watu wake. Watalia."

"Wakilia atasikia."

"Na asiposikia?"

"Basi walie zaidi."

Darasa lilipiga meza. Mtu alisema nyuma, "Dem ni mkali." Yeye hakucheka. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko mwanafunzi anavyomtazama mwalimu, kisha akaketi. Kengele ililia kabla hatujapiga kura ya kuamua upande ulioshinda. Nikawaambia tutapiga Jumatatu.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimetulia. Hili ndilo ninaloliona gumu kulieleza. Mimi niliyewagawa kwa safu, mimi niliyewafundisha kwamba maneno ya mdahalo si ya msemaji, nilichukua maneno ya mtoto yule nikayaweka kama ushahidi. Nilijiambia: anaijua ile nyumba kuliko sisi sote, na amesema afungiwe. Nilikuwa nikihitaji mtu wa kuniambia hivyo, na yeye alikuwa amekaa dirishani. Angekuwa ameketi upande wa pili wa chumba, angepinga, na pengine angepinga vizuri vilevile.

Jumamosi niliinua mkono. Fundi akafunga valvu mchana huohuo. Nyuma ya mabati firimbi ililia mara tatu na sote tukakimbia, karani wa benki akiwa mbele, kandambili moja mkononi. Hakukulipuka kitu. Kuanzia siku hiyo alipiga firimbi kila alipotaka, wakati mwingine asubuhi watoto wetu wakivaa viatu, na kila mara tulijifungia ndani au kukimbilia barabara ya Namanga. Hakuhitaji tena kuwasha chochote.

Jumatatu ilipofika sikuwapigisha ile kura darasani. Nilianza mada nyingine.

Wiki mbili za karani zilipita. Baba mwenyewe tulimwona akitoka na mtungi mmoja kwenye pikipiki yake, akirudi na maji kutoka Kitengela, shati limepigwa pasi. Watoto walienda silangani na mitungi midogo, mahali ng'ombe walipokuwa wakiingia mpaka tumboni. Shuleni nilianza kuona vitu ambavyo nisingependa kuviona. Msichana yule alibaki nyuma jioni. Siku moja, nikiwa kwenye dirisha la ofisi ya walimu, nilimwona kwenye bomba la shule akijaza chupa za soda moja baada ya nyingine na kuzipanga ndani ya mkoba, vitabu akiwa amevibeba mkononi ili zipate nafasi. Alipoinua kichwa niliinamia madaftari yangu. Ningeweza kutoka nimsaidie kufunga mkoba tu. Nilisahihisha sentensi ileile mara kadhaa mpaka akaenda.

Mdogo wao wa mwisho akaanza kuharisha. Tulijua kupitia kwa yeyo, ambaye hakuwa ameacha kupeleka maziwa hata siku moja. Tulimwita kwenye kikao kumuuliza kwa nini.

"Unavunja umoja," karani akamwambia.

"Umoja wenu unaharisha," yeyo akajibu. "Mtoto amekauka midomo. Mama yake aliniuliza kama mwalimu anajua. Nikamwambia anajua."

Hakunitazama aliposema hivyo. Wote wengine walinitazama. Niliandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba suala lingejadiliwa tena Jumapili baada ya kanisa, na sasa nikilisoma neno hilo kichwani, kujadiliwa, naona jinsi lilivyonifaa.

Jumapili hiyo, tulipokuwa kanisani, waliondoka. Tuliporudi tulikuta geti limefunguliwa wazi, mara ya kwanza kwa miaka. Lori lilikuwa limeacha alama za magurudumu kwenye udongo mweusi. Hakuna aliyethubutu kuingia mpaka polisi walipofika, na hata wao waliingia mmoja baada ya mwingine, wakiegemea ukuta. Ndani kulikuwa na meza, dumu tupu, mviringo wa utambi wa kulipulia, na sanduku la mbao lisilo na kitu. Firimbi ilining'inia kwenye msumari. Polisi mmoja alisema jamaa ameenda na baruti yake. Mwenzake alisema hakukuwa na kitu tangu lile shimo la kwanza, alikuwa amemaliza yote siku ile. Walibishana kidogo juu ya hilo huku wakitafuta pa kukanyaga, kisha wakatuachia jambo lenyewe bila jibu.

Msichana hakurudi shuleni. Dawati lake la dirishani lilichukuliwa na mwingine.

Miaka iliyofuata nilisikiliza redio kwa makini kuliko kazi yangu ilivyohitaji. Nchi sita, Korea yenyewe ikiwemo, zikakaa mezani kujadili lile bomu, zikaachana, zikarudi. Mtaalamu mmoja alisema kaza, mwingine alisema ongea, na wa kukaza siku zote alikuwa na sauti ya kupendeza zaidi. Mume wangu huniuliza mimi, mwalimu wa historia, dunia ifanye nini. Sijui. Labda watu wa kukaza wako sahihi, na labda sisi tulikaza vibaya, au tulikata tamaa mapema. Ninachojua ni kidogo: tulipofunga valvu hatukujua tena kilichokuwa kikiendelea mle ndani, na pale tulipojua, tulijua kwa sababu ya mtu aliyekataa kututii.

Mwaka wa 2008 yeyo alienda Kajiado siku ya mnada kuuza ndama. Aliingia kwenye hoteli kunywa chai, na aliyemletea kikombe alikuwa yule msichana, amekuwa mwanamke, na aproni kiunoni. Yeyo alinisimulia akiwa amesimama mlangoni kwangu, ndoo ya maziwa bado mkononi.

"Mtoto mdogo je?" niliuliza.

"Yuko. Amekuwa mrefu."

"Na mama yao?"

"Yuko."

"Na baba?"

"Nilimuuliza. Nikamuuliza na ile kitu, kama bado yuko nayo. Akapanguza meza. Meza ilikuwa safi."

Nilimuuliza kama msichana alisema lolote juu yangu. Nilitaka na sikutaka.

"Alikusalimia," yeyo akasema. "Akasema nikuulize, ule mdahalo wa Korea, ni upande gani ulishinda."

Nilimpa yeyo chupa zangu, akazijaza. Yeye huenda Kajiado kila mwezi, na kila anaporudi huuliza kama niko na jibu la kupeleka. Kura ile haijapigwa.