Ubani wa Mtungi

Jirani yangu hapa Mkuza akichoma ubani, mimi hufunga dirisha. Wanangu hunicheka, kama wanavyonicheka kwa kuchemsha hata maji ya kupigia mswaki.

Kwetu Kisarawe, bibi alikuwa akiupindua mtungi juu ya chetezo, moshi wa ubani ukijaa ndani, ndipo anamimina maji ya kisima chetu. Yalikuwa baridi, yakinukia hadi kooni. Masika moja choo cha shimo kilifurika kuelekea kisimani, na maji yakawa na rangi kama ya chai.

"Mama, safari hii tuyachemshe," mama alimwambia bibi, mkwewe.

"Ya kuchemsha yananuka masizi, hayakati kiu. Mimi si nayafukiza? Uchafu gani utabaki humo?"

Mama akairudisha sufuria jikoni. Nyumba haikuwa yake.

Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anajua kushika kata kwa mikono miwili. Alikunywa, akajimwagia kifuani, akacheka. Kesho yake aliharisha kutwa nzima, macho yakamzama, na asubuhi iliyofuata nikasikia mama akipiga yowe.

Wanawake walijifungia na mdogo wangu chumba cha ndani. Mimi sikuambiwa kitu. Nilimwona tu bibi akiingia na chetezo chake, kisha harufu ya ubani ikatoka chini ya mlango.

Nikaenda kuchukua kikombe changu, nikakaa kizingitini kusubiri maji ya mtungi.