Bukari ya Mama Ngosa, nyuma ya bunge

Saa sita mchana, nyuma ya bunge la jimbo pale Lubumbashi, hakuna tena anayenyoosha sahani ya kisamvu na kuita, “Mama, ongeza sombe.” Mabenchi yapo, walaji hawapo.

Kwa miaka mingi Mama Ngosa aliwapikia bukari, yaani ugali, na samaki wa Kasenga wabunge wa chama kilichokuwa na viti vingi. Walikula kwake wakicheka kwa sauti, kama watu waliofika kwao. Kisha uchaguzi ukawaangusha, na bunge likaenda mikononi mwa wapinzani wao. Ngosa hakuhuzunika sana. Alijiambia kwamba hata hawa wapya watasikia njaa.

Siku ya kikao cha kwanza walimpita bila kugeuza shingo. Mwishowe alimsimamisha mbunge mmoja wao, Honorable Mwila, aliyemfahamu tangu Mwila alipokuwa bado mwalimu, akamega bukari mbele yake, akaichovya kwenye mchuzi, akaitia mdomoni.

“Honorable, unaona? Miye mwenyewe ninakula.”

“Mama, bukari yako iko muzuri. Lakini ulilisha bale bantu miaka yote. Siye tunapenda kuzeeka.”

Wenzake wakacheka. Tonge lilimkwama Ngosa kooni. Kulitema mbele yao kungekuwa kukiri kwamba chungu kina sumu, kwa hiyo alilimeza huku machozi yakimtoka.

Maneno yale yakawafikia madereva na walinzi, nao wakaacha kuja. Kabla mvua hazijaisha alikuwa ameuza sufuria zake zote.

Siku hizi Mama Ngosa anauza makaa Mokambo, karibu na mpaka wa Zambia.