Vile Balibadirisha Biblioteki ya Mwape

Mimi Albertine ninauzaka mikate ya mafuta pa mulango ya biblioteki, hapa Kamalondo, mu Lubumbashi. Kusoma, ninasomaka kidogo tu. Myaka kumi na moja niliomba Mwape makaratasi ya mabuku ya zamani nifungie mikate yangu, na myaka kumi na moja alinijibu: "Hapana, Mama Albertine." Ile muntu iko na kichwa nguvu! Nilimukasirikia sana.

Mwape njo mwenye kuchunga mabuku. Mbele aliitwa Rigobert Mwape. Siku moja redio ya serikali ikasema sasa ni authenticité: majina ya ubatizo ya kizungu imekwisha, kila muntu arudilie jina ya bankambo, basi Rigobert akabakia ku nyumba, Mwape akaenda ku kazi peke yake. Aliniambia: "Mama, Rigobert balimuondoa, lakini goti yake aliniachia. Inauma vilevile." Mimi nilibakia Albertine: ku mikate redio haikufika.

Ile wakati bintu yote ilikuwa inabadirishwa: jina ya inchi, jina ya muto, mpaka nguo za bababa. Manjanja ya biblioteki, ile mabati ya juu ya nyumba, tu njo ilibakia ile ya Babelgi, na kitundu mukubwa sawa sahani, juu kabisa ya mabuku. Kila mwezi wa kumi Mwape alikuwa anaangalia mawingu sawa muntu mwenye anangojea shemeji mulevi. Aliogopa mvula kuliko kifo, ninaapa.

Basi akaandikia komite ya kartié, ya mutaa wetu, barua: "Biblioteki imezeeka. Ninaomba muibadirishe mbele ya mvula." Kubadirisha! Hapa kwetu ile neno inabeba mizigo mingi. Unabadirisha nyumba, unabadirisha shati, unabadirisha jina. Mwape, mwenye kusoma mabuku yote, hakufikiri ile.

Citoyen Mumba, mukubwa wa komite (ile wakati kila muntu aliitwa citoyen), akaita mukutano. Abacost yake, ile koti ya serikali ya bila kravati, ilikuwa imenyooshwa mpaka inakata macho. Mumoja akasema tujenge bar. Mwengine akasema mabuku yenyewe ni ya bakoloni. Citoyen Mumba akasimama: "Bacitoyens, hii biblioteki imepitwa na wakati. Tutaibadirisha!" Tukapiga mikono, bamama bakacheza, na mimi pia nilicheza, sitaficha. Mwape alilia machozi ya furaha. Kesho yake akaanza kupanga mabuku mu makartoni, tayari kwa kuhamia mu nyumba mupya.

Myezi mitatu akangojea. Kisha kamio ya mizigo ikaleta kibao kimoja cha chuma, kipana, kirefu kuliko mulango, na rangi ya kijani inangaa. Kimeandikwa: CENTRE AUTHENTIQUE DE LECTURE POPULAIRE, njo kusema nyumba ya asili ya batu kusomea. Bakakisimamisha inje ku mapao mbili, Citoyen Mumba akakata kamba, bakaenda.

Mwape akauliza: "Na nyumba mupya?"

"Nyumba gani, citoyen? Uliomba tubadirishe. Tumebadirisha. Haukuona jina?"

Wapi! Sisi bote tulicheka, lakini Mwape hakucheka.

Nyuma ya juma moja, mvula ikashuka, ile ya Lubumbashi yenye haipigaki hodi. Asubui Mwape akakuja pa mbabula yangu, jiko ya makala, na diksionere mukubwa mu mikono, inatoa mayi. "Chukua, Mama Albertine," akasema. "Fungia mikate."

Myaka kumi na moja niliomba, na pale nikashindwa kunyoosha mukono. Aibu ilinishika. Nikatoa karai ya mafuta, nikaweka diksionere pembeni ya makala, tukakausha karatasi moja moja mpaka saa sita. Batu bakakosa mikate ile siku. Bakalalamika, nikabafukuza.

Mangaribi nikaona Mwape anapanda ku manjanja, na goti yake ile ya Rigobert, anavuta kile chuma na kamba. Nilishikilia ngazi. Akakilalisha juu ya kitundu, maandiko inaangalia chini, akapigilia misumari.

Nyuma ya siku tatu, mvula inanyesha tena, Citoyen Mumba akaingia mbio, amelowana mpaka soksi. "Mwape! Jina ya Centre iko wapi?"

"Iko hapa, citoyen. Angalia juu."

Akainua kichwa. Ile maandiko ilikuwa pale, inachungulia mu kitundu, juu ya mabuku makavu. Sura yake ikabadirika, na ile kubadirika haikungojea komite. "Toa ile kitu!"

"Nitatoa, citoyen," Mwape akajibu polepole, anashika kalamu. "Ila uniandikie mu rapport ya kutuma ku serikali: leo, kwa amri ya Citoyen Mumba, jina ya authenticité imeshushwa. Unatia sinyatire hapa chini."

Mumba akaangalia kalamu. Akaangalia mvula. Akasema mvula ni mingi, tutaona ingine siku. Mpaka leo hajaona.

Pa kutoka, njaa ikamushika. "Mama, unipe mikate mbili. Fungia muzuri mu karatasi."

Nikaangalia Mwape. Nikatoa mikate mbili mu mafuta ya moto.

"Karatasi hakuna, citoyen. Shika na mukono."